Injini ya Lori Imenoki na Njia Zako ni za Milima: Uchagueje Nyingine?

Lori linalofanya kazi milimani likinoki injini, yaani injini ikifa kabisa, mwenye lori hupokea ushauri wa kila aina kabla hata injini haijashushwa. Mmoja humwambia atafute yenye torki kubwa, kwa sababu "hospawa ni za tambarare." Mwingine humwonya asiguse injini ya turbo, yaani yenye feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda, eti ikifika juu inakata pumzi. Wa tatu humwambia aongeze ujazo tu, kwamba lita nyingi ndiyo nguvu. Kila ushauri una chembe ya ukweli ndani yake, na hapo ndipo ugumu ulipo. Watu hununua injini iliyopanda vizuri ikijaribiwa bila mzigo, kisha wiki ya kwanza ya kazi inachemsha katikati ya mlima. Au inapanda vizuri kabisa, halafu kwenye mteremko wa upande wa pili inashindwa kulizuia lori.

Msimamo wangu ni huu: hesabu ianzie kwenye mlima na kuishia kwenye injini. Uzito unaobeba, ukali wa mwinuko, kimo cha barabara kutoka usawa wa bahari na urefu wa mteremko ndivyo vinavyosema injini gani inafaa. Jina lililoandikwa kwenye kava ya valvu huja baadaye.

Torki na hospawa

Chukua spana ya magurudumu yenye mpini wa mita 1. Mtu wa kilo 50 akisimama kwenye ncha ya mpini uliolala, nati inapata msokoto wa takribani nyutoni-mita 490. Huo msokoto ndio torki. Hausemi lolote kuhusu haraka ya kazi: mtu anaweza kusimama pale kutwa nzima na nati isisogee, torki ikabaki ileile. Hospawa, yaani nguvu za farasi, ndiyo inayoingiza muda. Ni torki ikizidishwa kwa kasi ya kuzunguka.

Kwa vipimo, chukua torki kwa nyutoni-mita, zidisha kwa mizunguko ya injini kwa dakika, gawanya kwa 9,549. Jibu ni kilowati, na kilowati 1 ni hospawa 1.36 hivi. Injini inayotoa nyutoni-mita 1,000 kwenye mizunguko 1,200 inatoa kilowati 126. Inayotoa nyutoni-mita 500 kwenye mizunguko 2,400 inatoa kilowati 126 vilevile. Injini hizo mbili, kila moja ikifungiwa gia zinazoifaa, zitalivuta lori lilelile juu ya mlima uleule kwa mwendo uleule.

Hilo huwashangaza wengi, lakini ndiyo kazi yenyewe ya gia. Gia huongeza torki na kupunguza mizunguko kwa kiwango hichohicho. Haiwezi kuongeza hospawa hata moja. Kinyume chake, hupoteza kidogo kwa msuguano. Kwa hiyo usemi kwamba torki ndiyo inayopanda mlima ni nusu tu ya habari. Mwendo wako mlimani unaamuliwa na hospawa. Torki ina kazi nyingine muhimu, na nitaifikia.

Mlima unadai kiasi gani

Mwinuko wa asilimia 7 maana yake ni kwamba kila unapokwenda mita 100 mbele, barabara imepanda mita 7. Tuseme lori na mzigo wake ni tani 20. Kwenye mwinuko huo, uzito peke yake unalivuta lori nyuma kwa nguvu ya takribani nyutoni 13,700. Ongeza ukinzani wa matairi barabarani, nyutoni kama 1,600, unapata zaidi kidogo ya 15,000. Kulisukuma lori hilo kwa kilomita 30 kwa saa kunahitaji karibu kilowati 128 kwenye magurudumu. Gia boksi na difu (gia za ekseli inayosukuma lori) nazo zina chao, feni ina chake, kwa hiyo injini yenyewe inapaswa kutoa karibu hospawa 200.

Kwenye mwendo mdogo wa namna hii upepo hauna uzito mkubwa katika hesabu, kwa hiyo unaweza kukadiria kwa urahisi. Lori hilohilo likitosheka na kilomita 15 kwa saa, hospawa 100 zinatosha. Likitaka 45, linahitaji 300. Uzito ukipungua hadi tani 10, kila namba inagawanywa kwa mbili. Ukijua uzito wako halisi, pamoja na ule unaozidi karatasi, na ukajua mwinuko mkali kuliko yote katika njia zako, unaweza kukaa chini na kalamu na kujua unahitaji nini kabla hujaonyeshwa injini yoyote.

Naomba usiikimbie hesabu hii. Nimeona watu wakitafuta hospawa 350 kwa lori la tani 12 ambalo mwendo wake unaamuliwa na kona, si na mlima. Huko kona haziruhusu kilomita 25 kwa saa, kwa hiyo hospawa nyingine zote ni dizeli na gharama tu.

Kwa nini injini mbili zenye hospawa sawa hazivuti sawa

Sasa turudi kwenye torki. Chukua mfano wa injini mbili, zote hospawa 240. Ya kwanza inafikia nguvu hizo kwenye mizunguko 2,800, na torki yake ya juu kabisa ni nyutoni-mita 650. Ya pili inafikia 240 kwenye mizunguko 2,400, lakini kadiri mizunguko inavyoshuka torki yake inapanda, hadi 950 kwenye mizunguko 1,400.

Kwenye tambarare dereva hawezi kuzitofautisha. Mlimani mambo hubadilika. Mwinuko unapokaza, mizunguko inaanza kushuka. Injini ya kwanza ikishuka hadi 1,400, tuseme torki yake hapo ni 620, imebakiwa na hospawa kama 124. Nusu ya nguvu zake imepotea. Ya pili kwenye mizunguko hiyohiyo bado ina karibu hospawa 189. Dereva wa injini ya kwanza lazima apangue gia mapema na mara kwa mara, na kila anapokanyaga klachi lori linapoteza mwendo. Dereva wa injini ya pili anaiacha ishuke, ikaze, iendelee kuvuta.

Hiyo ndiyo maana halisi ya "injini yenye torki." Usitazame namba ya juu kabisa ya torki peke yake. Tazama inapatikana kwenye mizunguko mingapi, na inapanda kwa asilimia ngapi kutoka pale hospawa zinapofikia kilele hadi pale torki inapofikia kilele chake. Injini ya kwanza katika mfano wetu inapanda kama asilimia 8. Ya pili inapanda asilimia 35. Kwa lori lenye gia 5 au 6 tu, ambalo pengo kati ya gia na gia ni kubwa, tofauti hii ni kubwa mno. Kwa lori lenye gia 12 au 16 ni ndogo, kwa sababu dereva anaweza daima kuirudisha injini mahali inapopenda.

Karatasi ya mtengenezaji huwa na mchoro wenye mistari miwili, mmoja wa nguvu na mmoja wa torki. Muuzaji asiye na mchoro huo anaweza angalau kukutajia namba nne: hospawa za juu na mizunguko yake, torki ya juu na mizunguko yake. Zinatosha kufanya hesabu niliyoonyesha.

Hewa nyembamba, na uvumi kuhusu turbo

Dizeli haiungui bila hewa, na hewa hupungua uzito kadiri unavyopanda. Kwenye mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, lita moja ya hewa ina karibu asilimia 82 ya uzito wake wa pwani. Kwenye mita 3,000 ni asilimia 74, na kwenye mita 4,000 ni 67. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa pistoni zake tu, kwa hiyo nguvu zake hushuka karibu sambamba na namba hizo. Kanuni ya haraka ni kupoteza asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Injini yetu ya hospawa 200 ikifika mita 2,500 imebaki na kama 155, na lori lililokuwa likipanda kwa kilomita 30 sasa linapanda kwa 23.

Turbo ilithibitishwa mlimani. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipeleka injini ya ndege aina ya Liberty juu ya Pikes Peak, mlima wa jimbo la Colorado nchini Marekani wenye kimo cha mita 4,300. Injini hiyo ilitoa hospawa 350 kwenye usawa wa bahari. Kileleni, bila turbo, ilishuka hadi 230. Ilipofungiwa turbo ilitoa 356. Kwa hiyo anayesema turbo hukata pumzi juu ya mlima amegeuza jambo: injini ya kawaida ndiyo inayokata pumzi, na turbo ndiyo inayoirudishia.

Uvumi huo una chanzo chake, hata hivyo. Hewa ikiwa nyembamba, turbo huzunguka kasi zaidi ili kujaza silinda, na turbo za malori tayari huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Ndiyo maana injini nyingi za kisasa zina kompyuta inayosoma kimo na kupunguza dizeli kidogo baada ya kimo fulani, ili kuilinda turbo na kupunguza joto la moshi. Dereva huhisi upungufu huo na kuilaumu turbo. Pia turbo nyingi hufa kwa sababu ya oili: lori limemaliza mlima, moshi bado ni wa moto sana, dereva anazima injini papo hapo, oili iliyosimama ndani ya turbo inaungua na kuwa mkaa. Dakika mbili tatu za kuiacha injini ingurume taratibu kabla ya kuzima zinaokoa turbo nyingi.

Injini za zamani zenye pampu ya dizeli isiyo na kompyuta zina tatizo lao. Kama pampu haina kifaa cha kurekebisha kimo, inaendelea kumwaga dizeli ileile wakati hewa imepungua. Matokeo yake ni moshi mweusi na joto, si nguvu. Na fundi "akiifungua" pampu ili lori livute, anaongeza tu dizeli isiyo na hewa ya kuiunguza. Huo si uboreshaji, ni kuiandaa injini inoki tena.

Kwa njia zinazopita mita 1,500 mara kwa mara, mimi nisingenunua injini isiyo na turbo kama nina uwezo wa kuchagua. Mara nyingi uchaguzi upo ndani ya familia moja ya injini. Mitsubishi 6D16 ya lita 7.5 ipo bila turbo na ipo 6D16T yenye turbo. Isuzu walitengeneza 6HH1 ya lita 8.2 isiyo na turbo na 6HK1 ya lita 7.8 yenye turbo. Iliyo ndogo kwa ujazo katika hizo mbili za mwisho ndiyo inayofaa zaidi mlimani, na hapo ushauri wa "ongeza lita tu" unaanguka.

Joto

Hata injini nzuri ya dizeli hugeuza chini ya nusu ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Inayobaki ni joto, na sehemu kubwa yake lazima ipite kwenye rejeta. Mlimani rejeta inaonewa pande zote: injini inafanya kazi kwa nguvu zake zote, lori linatembea polepole hivyo upepo wa mbele ni kidogo, na hewa yenyewe ni nyembamba hivyo inabeba joto kidogo.

Maji nayo hubadilika. Kwenye usawa wa bahari yanachemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Kwenye mita 3,000 yanachemka kwa 90 hivi. Themostati, yaani kilango kinachoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakishapata moto, katika injini nyingi za dizeli huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 90, kwa hiyo injini yenye afya kabisa hufanya kazi karibu na kiwango hicho cha kuchemka. Kinachoiokoa ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko cha kawaida cha shinikizo la baa 1 hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 20 na zaidi. Kikiwa kimekufa raba, huku chini hutagundua kitu. Utagundua juu ya mlima, maji yakiruka nje. Ni kipuri kidogo kuliko vyote katika kazi nzima ya kubadilisha injini, na ningekinunua kipya bila kufikiri mara mbili.

Ukiweka injini yenye nguvu zaidi kwa asilimia 30, inazalisha joto zaidi kwa kiasi kama hicho inapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Rejeta ya injini ya zamani haikutengenezwa kwa ajili yake. Injini inunuliwe pamoja na rejeta yake, feni yake, kava inayoizunguka feni, na intakula yake (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo) kama ni ya turbo. Kava ya feni hutupwa na mafundi wengi kwa sababu inawazuia kufikia mkanda. Bila kava hiyo feni huvuta hewa ya pembeni, iliyo moto tayari, badala ya kuivuta kupitia rejeta.

Na tafadhali, themostati isitolewe. Wanaoitoa huamini wanaongeza mtiririko wa maji. Katika injini nyingi, themostati ikifunguka hufunga pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto haiendi kupozwa kabisa. Mlimani lori linachemsha zaidi. Kwenye tambarare na asubuhi za baridi injini haifikii joto lake, na silinda zinalika.

Injini inayoteremka

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo, kwa sababu watu huchagua injini kwa kufikiria kupanda tu. Mlima uliopanda utaushuka, na kushindwa kupanda ni hasara ya muda na dizeli, lakini kushindwa kushuka ni maisha ya watu.

Lile lori letu la tani 20 likishuka asilimia 7 kwa kilomita 30 kwa saa linazalisha karibu kilowati 100 ambazo lazima ziende mahali fulani. Zikienda zote kwenye breki za magurudumu, ngoma zinapata moto, zinatanuka na kujiweka mbali na viatu vya breki, na bitana zinapoteza mshiko. Dereva anakanyaga, hewa ipo, breki hakuna.

Injini ya petroli hujizuia yenyewe dereva anapoachia mafuta, kwa sababu mlango wake wa hewa unafungwa na pistoni zinahangaika kuvuta. Dizeli nyingi hazina mlango huo. Pistoni inabana hewa, kisha hewa hiyohiyo inairudisha pistoni chini kwa nguvu karibu ileile. Kwa hiyo dizeli tupu, isiyo na msaada, huzuia kidogo kuliko watu wanavyodhani.

Misaada ni ya aina tatu. Breki ya ekzosi ni kilango kwenye bomba la moshi: kikifungwa, pistoni zinasukuma dhidi ya shinikizo. Ni rahisi na imara, lakini kila injini ina kikomo chake, kwa sababu shinikizo likizidi nguvu za springi za valvu, valvu zinaachia. Ya pili ni breki ya mgandamizo, ambayo hufungua valvu za ekzosi pistoni inapokaribia juu, hewa iliyobanwa ikatoka kabla haijairudisha pistoni. Hii inazuia kwa nguvu kubwa zaidi, hasa mizunguko ikiwa juu. Ya tatu ni ritada, ya mafuta au ya sumaku, ambayo hukaa kwenye gia boksi au propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) na si sehemu ya injini.

Breki ya mgandamizo ina asili ya kukumbukwa. Mwaka 1931 Clessie Cummins, mwanzilishi wa kampuni ya injini ya Cummins, alikuwa kwenye lori la dizeli akiteremka Cajon Pass huko California wakati breki ziliposhindwa, na chini treni ya mizigo ilikuwa ikipita kwenye reli. Lori lilivuka reli kwa nafasi ndogo mno. Aliibeba kumbukumbu hiyo miaka mingi, na alipokuwa amestaafu akabuni kifaa cha kuigeuza injini kuwa breki. Kampuni ya Jacobs ilianza kukiuza mwaka 1961.

Hili linagusa uchaguzi wako moja kwa moja. Injini ndogo yenye turbo kubwa inaweza kupanda sawa na injini kubwa isiyo na turbo. Lakini dereva akiachia mafuta, turbo inalegea, na kinachobaki cha kuzuia lori ni ujazo wa silinda. Lita 5 hazizuii kama lita 8. Kwa hiyo ukipunguza ujazo, lazima uongeze msaada wa breki: injini iwe na breki ya mgandamizo, au lori lifungwe ritada. Muulize muuzaji swali hili mapema, kwa sababu si kila hedi ya silinda inaweza kufungiwa breki ya mgandamizo baadaye. Kama lori lako lilikuwa na breki ya ekzosi na injini mpya haina, usikubali fundi akwambie mtaifunga "siku nyingine."

Kuna imani kwamba kuteremka na gia huru kunaokoa dizeli. Kunaongeza. Lori likiteremka likiwa ndani ya gia na mguu umetoka kwenye mafuta, pampu inakata dizeli kabisa, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Likiwa huru, injini inahitaji dizeli ili isizime. Zaidi ya hapo, injini inayonguruma polepole inazungusha kompresa polepole, hewa ya breki inajazwa taratibu wakati inapohitajika zaidi. Na kuirudisha gia lori likiwa limeshika mwendo mara nyingi haiwezekani.

Kabla ya kununua nguvu zaidi, tazama difu

Malori mengi yanayosemwa hayana nguvu yana injini ya kutosha na difu isiyofaa. Difu iliyochaguliwa kwa ajili ya barabara kuu tambarare huifanya injini ifanye kazi kwenye mizunguko ya chini mno mlimani, na gia ya kwanza inakuwa nzito kuondokea. Kubadilisha difu ya 4.9, yaani ambayo propela huzunguka mara 4.9 gurudumu likizunguka mara moja, kwa ya 5.9 kunaongeza torki kwenye magurudumu kwa asilimia 20 katika kila gia, na kunapunguza mwendo kwa asilimia 17 kwa mizunguko ileile. Hakuongezi hospawa, lakini kunaiweka injini mahali pake. Kwa lori linaloshinda milimani huenda hilo likatosha, na injini ya aina ileile iliyokufa, ikiwa imefanyiwa ovahoo ya uhakika, ikawa jibu bora kuliko yoyote. Inakaa kwenye mauntini zilezile, na fundi anaijua.

Ukiamua kuongeza nguvu kweli, ujue mzigo unakwenda wapi. Gia ya kwanza yenye uwiano wa 7 na difu ya 5.9 huzidisha torki ya injini zaidi ya mara 41. Injini ya nyutoni-mita 650 inapeleka kama 26,800 kwenye ekseli. Ya 950 inapeleka zaidi ya 39,000. Klachi, gia boksi, propela, difu na shafti za magurudumu zilitengenezwa kwa kikomo fulani, na kikomo cha gia boksi huandikwa kwenye karatasi zake. Usipokiheshimu utanunua gia boksi baada ya injini.

Mengine ya kufunga nitayataja tu: kava ya flaiwili ioane na gia boksi, sampu (bakuli la oili chini ya injini) isigonge ekseli ya mbele, umeme uwe volti zilezile, kompresa ya hewa na pampu ya stelingi viwepo. Injini yenye kompyuta ije na waya zake zote, sensa zake, pedali yake na mfumo wake wa kusafisha moshi. Injini ya namna hiyo ikija bila kompyuta yake, iache. Namba ya injini mpya nayo lazima iingizwe kwenye kadi ya gari, na sheria za moshi za nchi unakotembea ziulizwe kabla ya malipo.

Kuipima injini iliyotumika

Iombe ikiwa baridi. Injini iliyopashwa moto kabla hujafika inaficha mengi. Ikishawaka na kupata joto, fungua kifuniko cha kujazia oili: mvuke mdogo ni wa kawaida, lakini pumzi inayosukuma kwa nguvu ni ringi na silinda zilizolika. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usioisha baada ya injini kupata moto ni nozo mbovu, mgandamizo mdogo, au maji yanayoingia ndani ya silinda. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeshachanganyika na maji. Pima mgandamizo wa kila silinda, na ujali tofauti kati ya silinda na silinda kuliko namba moja kubwa. Shika shafti ya turbo kwa vidole: kucheza kidogo kwa pembeni kunaruhusiwa, kugusa ukuta hakuruhusiwi.

Injini ikishafungwa, usikubali kuipokea kwa kuizungusha uwanjani. Lipakie lori mzigo wake wa kawaida, nenda kwenye mlima wako mkali kuliko yote pamoja na fundi, na upande huo mlima mzima, chini hadi juu. Tazama mshale wa joto dakika 10 baada ya kuanza kupanda, wala si mwanzoni. Tazama rangi ya moshi injini ikishuka kwenye mizunguko 1,400. Kisha geuza, teremka kwa gia ileile uliyopandia au moja chini yake, na uone ni mara ngapi mguu unalazimika kukanyaga breki. Ukifika chini, weka kiganja karibu na ngoma za breki bila kuzigusa. Kama joto lake halivumiliki kwa karibu, kazi haijaisha: lori bado linahitaji msaada wa kuzuia, na huo ufungwe kabla halijapakiwa tena.